Ndia Hiyo Tumetoka

Yadi ya malori ilipojengwa Kililana, hakuna aliyetuuliza. Uzio wa mabati ulisimamishwa, geti likatiwa kufuli, na njia yetu ya kisimani ikajikuta ndani, kisima chenyewe kikabaki upande wa pili. Sisi tukajikuta nje. Hiyo ndiyo historia yote.

Njia yenyewe haikuwa katika ramani yoyote. Sisi tuliiita ndia ya mai, maana Waamu husema ndia kwa njia na mai kwa maji. Ilianzia mashambani ikaenda moja kwa moja hadi kisima cha Mwana Aziza, kisima pekee upande ule ambacho maji yake hayana chumvi. Shangazi yangu Mwanamkisi aliipita njia hiyo akiwa mgongoni mwa mamake, kisha akaipita na watoto wake mgongoni. Anafuga ng'ombe, na ana miche ya minazi aliyoipanda baada ya ile ya zamani kukatwa kupisha barabara ya bandari. Vyote hivyo hunywa maji ya kisima hicho, na ya kubeba kichwani kwa kuzunguka hayatoshi. Kiangazi kikiingia geti bado limefungwa, ataiuza mifugo yake na kuihama ardhi aliyozaliwa. Alinieleza hivyo huku akipepeta mchele, bila kunyanyua macho.

Wenye yadi, kwa upande wao, walikuwa wakiosha malori. Niliwaona kupitia tundu la msumari katika bati. Maji ya Mwana Aziza, ambayo wagonjwa wetu huletewa hata wakiwa hospitali, yalivutwa kwa mpira yakamwagwa juu ya matairi, yakachanganyika na dizeli, yakatiririka mferejini yakiwa na rangi kama ya mbawa za nzi. Niligeuka nikatema mate. Ladha ile mbaya haijanitoka mdomoni hadi leo.

Nina diploma ya uanahabari na kazi katika redio ndogo, kwa hiyo jukumu la kuandika likaniangukia. Nikaandika ombi kwa bunge la kaunti, na wanawake wa Kililana wakalitia sahihi. Hatukuliomba bunge limwondoe mtu katika kiwanja chake. Tuliliomba lijadili njia zote za visima zilizozunguka bandari, litunge sheria ndogo ya kuzilinda. Mwakilishi wetu, Mheshimiwa Abubakr, alilipokea ombi akalibusu. Ndiyo, alilibusu, mbele ya wapiga picha.

Ombi lilipotangazwa tu, mwenye yadi akamshitaki shangazi kwa kuingia kiwanja cha mtu bila ruhusa. Uzio ulikuwa umesimama miezi mingi bila kesi yoyote. Kesi ilizaliwa pamoja na ombi, kama pacha aliyekuja kumnyonga mwenzake.

*

Siku ya kikao tulivuka bahari kwenda mji wa Amu, shangazi, jirani yake Huwaida, wanawake wengine wachache na mimi. Tulipanda ngazi za bunge chini ya jua kali. Spika, Bwana Jeilani, alikuwa amesimama barazani na kanzu nyeupe ya kushona Amu, koti juu yake. Ni mtoto wa mitaa ya Amu. Mamake alikuwa akiuza mikate ya mofa karibu na msikiti. Alipomwona shangazi akishika ukuta, alimkimbilia.

"Bi Mwanamkisi! Ngazi hizi hazina huruma. Mumetoka?"

"Tumetoka, mwanangu," akajibu shangazi akihema.

"Basi ketini kwanda. Leteni mai hapa!"

Naomba msomaji aliyezaliwa mbali na visiwa vyetu ayashike mazungumzo hayo. Tunaposema tumetoka, mara nyingi tuna maana ya tumechoka. Waamu hatuipendi sana ch. Macho kwetu ni mato, kichwa ni kitwa, mchanga ni mtanga, kuchoka ni kutoka. Kuna kutoka kwingine, kwa kuondoka, lakini mwenyeji huyasikia maneno hayo mbalimbali kama mtu asikiavyo sauti za watoto wake wawili gizani. Bwana Jeilani alimuuliza shangazi kama amechoka. Shangazi alijibu kwamba amechoka. Maji yakaletwa. Mambo yakawa mazuri.

Ndani, ombi lilisikizwa na kamati, na kwa sababu ya kile alichokiita uzito wa suala, Spika aliongoza mwenyewe. Alianza kwa kukohoa.

"Waheshimiwa, nimearifiwa kwamba suala hili liko mbele ya mahakama. Kwa lugha ya kisheria, ni sabjudisi. Bunge hili haliwezi kuligusa."

Shangazi alinivuta mtandio. "Khairiya, ni nani aliyesujudi?"

"Si sujudi, shangazi. Ni Kilatini. Jambo likiwa kwa hakimu, wabunge hunyamaza."

"Basi ni hakimu aliyesujudu?"

"Ni kesi," akanong'ona Huwaida, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi mtaa wa pili. "Kesi ndiyo imesujudu."

"Na itainuka lini?"

"Watakapopata imamu."

Wanawake wakacheka ndani ya mabuibui yao. Spika akagonga meza. "Kuna kamati nyingine huko nyuma?"

Sitaki kuwa mwongo: kanuni yenyewe si mbaya. Hakimu ni binadamu. Hafai kupigiwa kelele na wanasiasa kabla hajaamua, na mshitakiwa hafai kuhukumiwa na watu wenye kura za kutafuta. Kama shangazi angekuwa ameiba, ningekuwa wa kwanza kuwaambia waheshimiwa wafunge midomo. Lakini kanuni yao ina miguu miwili, nami nilikuwa nimempa Abubakr yote miwili mkononi. Akasimama, akasoma.

"Mheshimiwa Spika, kanuni inasema kesi iwe inaendelea, na tena mazungumzo yetu yawe na uwezekano wa kuivuruga haki katika kesi hiyo. Sisi hatuzungumzii kama Bi huyu ameingia kiwanja cha mtu. Hilo ni la hakimu. Tunazungumzia njia za visima, zote, za leo na za kesho. Na anayedai kwamba tutavuruga kesi ndiye wa kuonyesha tutaivuruga vipi."

Ilikuwa hotuba nzuri. Shangazi alitikisa kichwa kwa fahari. Spika akamwangalia Abubakr juu ya miwani, kama mwalimu anayesubiri mtoto ajirekebishe.

"Umemaliza, Mheshimiwa?"

"Nilikuwa nachangia tu, Mheshimiwa Spika," akasema Abubakr, akaketi.

Nachangia tu! Kana kwamba alikuwa kwenye arusi na amepitishiwa sahani. Nilitamani kumrudishia lile busu lake.

Spika akageuka. Sauti yake ikalainika. "Lakini bunge hili halimfukuzi mtu bila kumsikiza. Bi, tuambie. Siku hizi mnateka maji kwa njia gani?"

Shangazi akasimama. Hakuwa na karatasi wala hakuihitaji.

"Twazunguka, Bwana. Twapita ndia ya malori, ile ya lami. Madumu kitwani, wana mgongoni, na zombo zote, malori na mapikipiki, zikija zatupigia honi kana kwamba sisi ni mbuzi. Mtanga watuingia matoni. Yana asubuhi mwana wa Huwaida nusura akanyagwe. Ndia hiyo tumetoka, Bwana. Wallahi tumetoka."

Kando ya meza kubwa alikaa karani wa kumbukumbu za bunge, Bi Cherono, mgeni kutoka bara, msichana mwenye adabu ambaye hana lawama yoyote katika hadithi hii. Aliinua kalamu.

"Samahani, Mheshimiwa Spika, nataka niandike sawasawa. Mama anasema wametoka kwa hiyo njia? Yaani wameiacha?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja lingetosha: wamechoka. Angeweza kulisema huku akifuta miwani. Wabunge wenyeji walikuwa pale, Abubakr alikuwa pale, nao wote walielewa kama unavyoelewa unapoitwa kwa jina lako. Lakini wapi! Walimtazama Spika, wajue leo Kiamu kina maana gani.

Bwana Jeilani aliiangalia meza. Nilimwona akifikiri, na nilijua hasa alipofika katika kufikiri kwake, kwa kuwa ncha za midomo yake zilipanda kidogo.

"Umesikia vizuri, Bi Cherono," akasema, kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. "Wametoka katika njia hiyo ya kisimani. Andika hivyo. Na kwa kuwa kesi iko mahakamani, hatuwezi kuijadili. Na kwa kuwa walalamishi wenyewe wamesema wametoka, hakuna tena la kujadili. Ombi limefungwa."

Shangazi alikuwa bado amesimama. Alidhani Spika anamsifu. Alitabasamu!

Tabasamu lile ndilo lililoninyanyua kitini. "Amesema wamechoka!" nikapiga kelele. "Wamechoka na njia ya malori! Nawe wajua, Bwana Jeilani! Umemuuliza neno lilo hilo pale nje, kwa ulimi wako uo huo, ukampa na maji!"

"Askari, mtoe huyo."

"Mamako angekusikia leo angekulisha pilipili!"

"Mtoe!"

Askari wa bunge alinishika kiwiko. Alikuwa na haya, maskini, alinong'ona, "Twende, dada, usinitie taabuni." Nikatolewa. Huko ndiko kutoka kwingine.

*

Wanawake walinikuta barazani. Nilipomweleza shangazi kilichoandikwa, hakulia wala hakulaani. Aliuliza tu, "Jeilani? Mwana wa Mwana Esha wa mofa?" na nilipoitikia aliuvuta mtandio hadi kwenye paji la uso, kama mtu aliyepita penye harufu mbaya.

Chombo chetu kilikuwa cha alasiri, kwa hiyo tulisubiri pale pale kivulini. Juu ya mlango kuna kipaza sauti kinachotoa nje yanayosemwa ndani, ili wananchi wafaidike na demokrasia. Kikao cha mchana kikaanza, na jambo la kwanza lilikuwa hoja ya kumfariji Mheshimiwa Douglas.

Douglas, mbunge mwenzao, alikuwa ameshitakiwa kwa kumpiga mpima ardhi. Kesi ilikuwa imeanza, mashahidi wawili wameshasikizwa. Nikatega sikio nisikie Kilatini.

"Mheshimiwa Spika, huyo mpima alijiangusha mwenyewe!" akanguruma mmoja.

"Nasikia alilipwa aanguke!" akadakia mwingine.

"Mimi sijamgusa mtu," akasema Douglas. "Huyo jamaa alikuja na kiburi, akateleza. Mawakili wangu wanajua, Mungu anajua, na hakimu pia ajue."

"Hakimu ajue!" wakaitikia, wakipiga meza.

Mmoja akasema shahidi wa kwanza ni mlevi. Mwingine akasema shahidi wa pili ana wivu. Sauti niliyoijua sana, sauti ya Abubakr, ikasema anaunga mkono kwa dhati hoja hii ya utu na ubinadamu. Na kila mmoja alipomaliza, Bwana Jeilani alisema kwa upole, "Endelea, Mheshimiwa," kama mwenye nyumba anayewaongezea wageni mchuzi.

Huwaida alikuwa akimenya chungwa. "Hii kesi ya huyu iko wapi?"

"Iko kortini," nikasema.

"Korti hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Na haikusujudu?"

"Hii imesimama wima."

Alitupa ganda la chungwa chini ya kipaza sauti, akafuta vidole kwenye buibui kwa nguvu, kidole baada ya kidole, ingawa chungwa lenyewe halikuwa limemlowesha. Mimi niliinuka nikasogea mbali na mlango ule. Haikuwa hasira, hasira ina moto, na moto una usafi wake. Hiki kilikuwa kinyaa, kama unapofungua mtungi uliouamini ukakuta panya ameelea.

*

Siku ya kesi tulifika mahakamani mapema. Hakimu alikuwa Bi Quinter, mwanamke kutoka bara mwenye sauti ndogo na uso usiosema lolote. Wakili wa yadi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa alichokuwa amekihifadhi.

"Mheshimiwa, huenda tusipoteze wakati. Mshitakiwa amekiri mbele ya bunge la kaunti kwamba yeye na wenzake wameshatoka katika njia hii. Ni maneno yake, na Spika ameyathibitisha. Tunaomba mahakama itoe amri wasirudi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Pale bungeni hatukufungiwa mlango tu. Tulifungiwa, kisha ufunguo ukapelekwa kwa jirani mwenye yadi.

Hakimu aliiweka kalamu chini. "Bunge lilikataa kulijadili suala hili. Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu lilikuwa mbele yako, Mheshimiwa. Kwa heshima ya mahakama."

"Kwa hiyo bunge liliniheshimu lisiijadili kesi yangu, kisha likaniamulia."

Wakili akafungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Mama," akasema hakimu, "ulisema mmetoka?"

Nikainama mbele. Nilikuwa nimemsihi shangazi usiku na mchana: ukiulizwa, sema tumechoka. Sema kwa ch. Sema kama watu wa redio. Nilimfundisha kama mtoto wa chekechea, na kila mara alinijibu kwamba neno lake halina ugonjwa hata litiwe dawa.

"Nalisema tumetoka," akajibu. "Na leo nasema tena."

Wakili alitabasamu.

"Bi hakimu, wewe si wa nti hii, si kosa lako. Nitakuonyesha. Nimesimama hapa tangu asubuhi, sivyo? Magoti yangu yametoka. Basi tazama, yameondoka? Yako hapa hapa." Aliyapiga magoti yake kwa viganja, moja baada ya jingine. "Mgongo umetoka, ungali na mimi. Mato yametoka kwa mtanga wa malori, nayo yakuona. Na mimi ndia ile ndefu imenitosha, nimetoka nayo. Lakini ndia yangu ya kisimani sikuitoka, wala siitoki, mpaka nibebwe na watu wanne."

Nyuma mtu akasema, "Sadakta, umesema kweli!" Askari akasema kimya. Hakimu alimtazama mkalimani wa mahakama, mzee wa Faza, mwenyeji wa visiwani, naye akasema kwa sauti kavu: "Kuchoka, Mheshimiwa. Hapa kila mtu ajua. Hata Spika ajua."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Akasema maneno ya bunge hayatatumika kama kukiri, na kesi itasikizwa kwa ushahidi. Tukaanza kushikana mikono. Kisha wakili wa yadi akaomba muda wa kujitayarisha upya, na akapewa, hadi baada ya Idi. Na geti? Hakimu alisema hakuna ombi lolote mbele yake kuhusu geti kwa sasa. Sisi hatukuwa na wakili wa kutuambia tuliombe.

Baada ya Idi. Kiangazi hakifuati kalenda ya kadhi. Kilikuwa kimeshaingia, nyasi za Kililana zimeshakuwa rangi ya kamba ya zamani. Asubuhi ile ile shangazi alikuwa amemwacha ndama mmoja amelala na hataki kuinuka.

Tuliposhuka kwenda kwenye vyombo, nani tukutane naye gatini? Bwana Jeilani, kanzu nyeupe, koti, tasbihi mkononi, anasubiri boti ya kwenda Ras Kitau kwenye semina ya uongozi bora. Sidhani kama alikuwa amesikia ya mahakamani. Au alikuwa amesikia. Kwa watu wa aina yake hilo halibadilishi salamu. Alinikwepa mimi kwa macho, akamjia shangazi mikono miwili mbele, utamu ukimdondoka.

"Bi Mwanamkisi, jua lote hili! Mumetoka?"

Wanawake wakasimama. Shangazi hakuipokea mikono ile. Alimtazama kuanzia kofia hadi makubadhi, bila haraka, kama anayetazama kitu sokoni ambacho hatakinunua, kisha akauvuta mtandio hadi puani.

"Hatuyatoka, Bwana," akasema.

Bwana Jeilani akacheka kidogo, mikono bado hewani. "Alhamdulillahi. Yaani hamjachoka?"

"Nimesema hatuyatoka. Mwite karani wako akuandikie maana."

Akampita, akashuka ngazi za gati akishikilia bega langu. Alikuwa amechoka sana. Kule ng'ambo, ndama alikuwa akingoja maji, na kutoka gati ya kule hadi kisimani tulikuwa bado na ile njia ya malori ya kuzunguka.